Sumaku ya Fundi Nyale

Laki tatu na nusu, asema Bi Gulbibi,
na hapunguzi. Si ukaidi:
marehemu Dur Muhammad alimwachia bei
kabla ya kumwachia eda.

Gari liko uani, Tudor, nyuma ya tangi la maji.
Datsun ya milango miwili, ya sabini na mbili,
boneti ndefu kama shingo ya mtu
achunguliaye ua wa jirani.
Rangi yake zamani chungwa;
sasa ni ganda la chungwa, la juzi.
Paka amezaa kwenye kiti cha abiria
na paka, asema Bi Gulbibi, hayumo katika bei.

Fundi Nyale hakulisifu wala hakulitukana.
Alitoa sumaku, akaifunga kwenye leso,
akaipitisha ubavuni polepole
kama mkunga apapasaye tumbo la miezi minane.
Penye bati, inanata.
Penye puti, inaanguka.
Tak. Kimya. Tak. Kimya. Kimya. Kimya.
"Hapa ni gari," akasema. "Hapa ni udongo."
Akainua zulia: sakafu imeshaondoka.
Pale ambapo mguu wangu wa klachi ungekaa
siafu walikuwa wakipita na shughuli zao.

"Kutu ya bara hufunga," akasema Nyale.
"Ya kwetu hula mchana, na daku huamka."

"Kizuri hakikosi ila," nikamwambia.

"Hapa ila ndizo zimekosa kizuri."
Akahesabu gharama kwa vidole,
vikamwishia, akaazima vyangu.

Nilijua. Miaka ishirini na minane bandarini
nimeona minyororo mipya ikigeuka unga
kabla haijalipiwa ushuru.
Na hela zenyewe ni za kiinua mgongo;
gari hili nitaliinamia mpaka nizikwe nimepinda.
Najua laki tatu na nusu ni nini:
ni zege la chumba cha juu
ambacho Mishi amekichora nyuma ya kalenda,
dirisha kubwa, upande wa upepo.
Nondo tuliziacha zimesimama juu ya paa
mwaka wa nne sasa, zikingoja,
nazo, ukizitazama vizuri,
zimeanza kuwa rangi ile ile.

Lakini.

Mazeras, Pasaka, nina miaka saba,
nimekaa mabegani mwa baba, mvua imetutota.
Tulilisikia kabla ya kuliona,
silinda sita zikiishuka kona.
Baba akanifunika masikio.
Nikamwondoa mikono.
Sikuona dereva, sikuona namba;
niliona chungwa likipita,
tope likanipiga kinywani
nami nikalimeza.

Bi Gulbibi akaja na kopo la achari,
ndani yake ufunguo, umepakwa mafuta ya nazi.
Kila Ijumaa, asema, hata baada ya msiba.
Kitu pekee uani mle kisichokuwa na kutu.
"Alikuwa akija kukaa humu jioni.
Haliwaki, na yeye amekamata usukani.
Sijui alikuwa akienda wapi.
Sikumuuliza. Wewe nikuulize?"

Sikuwa na jibu, nikaingia.
Kiti kikalia, kikanipokea.
Wale watoto wa paka walikuwa wanne,
macho bado hayajafunguka,
na mama yao akanitazama
kama mpangaji anayemtazama dalali.

Simu ikalia. Mishi.
"Umenunua?"
"Bado."
"Basi uko wapi?"
"Nimekaa ndani."
Akanyamaza. Nyale, mbele yangu,
alikuwa akiisukuma sumaku mfukoni
kwa mtu aliyemaliza kazi.

"Lina nafasi ya watu wangapi?"
"Wawili."
"Wawili tu?"
"Wawili, Mishi."

Nikasikia karatasi ikigeuzwa ukutani,
kalenda ile. Sijui kwa kutazama nini:
upande wa chumba,
au upande wa tarehe.